Nimepata tangi la lita 450: nihamishe matumbawe Jumamosi hii?

SWALI

Ndugu Mshauri,

Salamu nyingi. Nafuga samaki na matumbawe ya maji ya chumvi nyumbani, mwaka wa tatu sasa, kwenye tangi la lita 120. Ndani wamo samaki wa anemoni wawili, gobi mmoja anayeishi shimo moja na kamba wake mchimbaji, konokono kadhaa, tumbawe la nyundo ambalo limegawanyika mpaka limekuwa na vichwa vingi, matumbawe ya uyoga, na zoanthidi (jamaa wa matumbawe wanaofanana na maua madogo) waliotambaa karibu kila jiwe. Nafasi imekwisha. Zoanthidi wameanza kugusana na nyundo, na kila nikisogeza kimoja nakuta nimekibana kingine.

Wiki iliyopita mtu anayehama nyumba ameniuzia tangi lake la lita 450. Lina urefu wa sentimita 150, upana 60 na kimo 50, na limekuja na kabati, sampu (tangi la chini la kuchujia maji) ya lita 100, pampu na taa za LED. Mpango wangu ni kuhama Jumamosi ijayo, maana mume wangu na kaka yangu watakuwepo kunisaidia kubeba. Tangi hilo halina mahali pengine pa kukaa isipokuwa pale pale lilipo la sasa, kwa hiyo la zamani litatoka kwanza.

Sasa maswali. Rafiki aliyenitangulia katika mambo haya ananiambia nisimwage hata tone la maji ya zamani kwa sababu ndiyo yenye bakteria, na mchanga nao niuhamishe wote. Mwingine anasema nianze upya kabisa, nisubiri wiki sita tangi likiwa halina kiumbe. Nimsikilize nani? Pili, tunaishi ghorofani, na mume wangu hana raha na habari ya uzito. Tatu, binti yetu tulimwahidi samaki aitwaye kangaja wa buluu tukipata tangi kubwa, naye anataka anunuliwe siku hiyo hiyo.

Nikwambie na ukweli mwingine. Tangi la sasa linanichosha. Nitrati haishuki chini ya miligramu 50 kwa lita, fosfati mara ya mwisho ilisoma 0.4, mwani umefunika mawe ya nyuma, na aiptasia, zile anemoni ndogo za kero, zinaota kila pembe. Nabadilisha ndoo moja ya maji, lita 12, kila wiki bila kukosa. Natumaini maji mengi yatayamaliza haya yote, maana kila mtu anasema tangi kubwa ni rahisi kulitunza kuliko dogo.

Nisaidie kabla ya Jumamosi.

Dada wa Matumbawe


JIBU

Dada yangu,

Jumamosi hii usihame. Chukua wiki sita hivi za kujiandaa, kisha hamisha kila kitu kwa siku moja. Kuhama kwa siku moja kunawezekana kabisa, hata pale tangi jipya linapochukua mahali pa lile la zamani. Kinachoua viumbe mara nyingi ni kuibebesha siku hiyo kazi zote: kuchanganya chumvi, kujaribu tangi, kuosha mchanga, kurekebisha mabomba. Jua linazama, na samaki bado wako ndoani bila hita.

Nianze na hao rafiki zako wawili, kwa sababu kila mmoja ana nusu ya ukweli. Bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti, na nitriti kuwa nitrati, huishi wameshikamana na vitu: mawe, punje za mchanga, kuta, sponji ya kichujio. Wanaoelea majini ni wachache mno kukusaidia. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Lee Chin Eng wa Indonesia aliwaonyesha wafugaji wa samaki wa baharini kwamba mawe yaliyotolewa mwambani yakiwa na viumbe vyake yanaweza kutunza maji ya tangi karibu peke yake, na mpaka leo ufugaji wetu wa matumbawe umesimama juu ya jambo hilo. Kwa hiyo kichujio chako ni mawe yako. Yakihama yakiwa yamelowa muda wote, na samaki wakabaki wale wale watatu, bakteria uliokuwa nao jana wanatosha kesho, maana idadi yao hufuata chakula wanachopata. Hakuna sababu ya kukaa wiki sita na tangi tupu. Sharti ni moja: usiwaletee bakteria hao mzigo mpya siku hiyo. Mzigo huo huja kwa njia tatu, nazo ni mchanga wa zamani, viumbe wanaokufa juu ya mawe yaliyokauka, na samaki wapya.

Huo mchanga uutazame leo. Chuchumaa, uuangalie kupitia kioo cha pembeni, kwa tochi. Juu utaona punje nyeupe zinazosogezwa na konokono. Sentimita chache chini, rangi inageuka kahawia, na palipo na kina utakuta mstari wa kijivu au mweusi ulionyooka chini ya jiwe. Hapo oksijeni haifiki. Ukipachimba hutoka harufu ya yai viza. Hiyo ni haidrojeni salfaidi, sumu kwa samaki, na pamoja nayo unafumua uchafu wa miaka yote uliyofuga. Ukiumimina mchanga huo kwenye tangi jipya, amonia inaweza kupanda usiku huo huo. Hapa nakubaliana na rafiki wa pili: utupe. Nunua mchanga mpya, uoshe mpaka maji yatoke safi, na chota kikombe kimoja au viwili tu vya tabaka la juu la mchanga wa zamani uvimwage juu ya ule mpya, ili vijidudu vyake vizuri vipate kuenea.

Sehemu ya barua yako ninayotaka tukae nayo zaidi ni ile uliyoiweka mwisho, kuhusu nitrati na fosfati. Ni kweli kwamba tangi kubwa husaidia. Samaki wale wale wakila chakula kile kile kwenye maji mara nne, nitrati itapanda taratibu zaidi, joto halitabadilika upesi, na kosa dogo la kipimo halitakuwa msiba. Lakini ndoo yako ya lita 12, ambayo kwa sasa ni sehemu ya kumi ya maji yako, kule itakuwa haifiki asilimia 3. Ukitaka sehemu ile ile ya kumi, jiandae kubeba lita 45 hivi kila unapobadilisha, na kuzichanganyia chumvi. Fikiria hilo kabla hujaongeza samaki hata mmoja.

Fosfati ni ngumu zaidi. Mawe ya tangi ni kalsiamu kaboneti, na kalsiamu kaboneti huishika fosfati kwenye uso wake. Mawe yaliyokaa muda mrefu kwenye maji ya 0.4 yamejaa. Utayahamishia kwenye maji safi, utapima siku ya pili, utafurahi kuona 0.05, na baada ya wiki mbili kipimo kitaanza kupanda tena ingawa hujafanya kosa lolote. Mawe yanarudisha yalichokishika, na yataendelea hivyo kwa miezi. Ukilijua hili mapema hutahangaika kubadilisha dawa na vifaa kila Jumatatu.

Upo na upande mwingine wake. Tuseme unachukua lita 60 za maji ya zamani na kuzichanganya na lita 400 mpya. Nitrati itashuka kutoka 50 hadi 6 au 7 kwa saa moja. Kwa masikio inasikika vizuri, lakini tumbawe la nyundo lililozoea maji mazito kwa miaka linaweza kujikunja na kukataa kufunguka kwa siku nyingi likishushwa ghafla namna hiyo, hasa likikutana na taa kali siku hiyo hiyo. Ndiyo maana nasema wiki sita. Kuanzia wiki hii badilisha lita 30 badala ya 12. Kwa hesabu yangu, hata usipopunguza chakula, nitrati itakuwa inakaribia 20 siku ya kuhama. Ukipunguza chakula itashuka zaidi. Lisha kidogo kile kinachomalizwa mara moja, suuza chakula kilichogandishwa kabla ya kukitia, na safisha sponji ya kichujio kila wiki. Kama utatumia chembe za oksidi ya chuma kunyonya fosfati, anza na robo ya kiasi kilichoandikwa kwenye kopo, kwa maana fosfati ikianguka ghafla matumbawe huumia kuliko yanavyoumia ikiwa juu.

Aiptasia nazo zimalize huku huku kwenye tangi dogo. Usizikwangue na kisu. Kipande kidogo cha mguu wake kikibaki kwenye jiwe huota kuwa aiptasia nyingine. Chache unaweza kuzichoma moja moja kwa sindano yenye uji mzito wa hidroksidi ya kalsiamu, pampu zikiwa zimezimwa. Zikiwa nyingi, tafuta Berghia, kijikonokono cha baharini kisicho na gamba ambacho hakili kitu kingine ila aiptasia. Kwenye lita 120 watazifikia zote, kwenye lita 450 watapotea na kufa njaa kabla hawajazipata.

Sasa tangi lenyewe. Limetumika, kwa hiyo lijaribu kabla ya kuliamini. Liweke mahali palipo sawa kabisa, chini, penye sakafu ya zege isiyo na mtu wa kumdondokea, ulijaze maji ya bomba kwa hatua na uliache wiki nzima. Pitisha kidole kwenye kila kona ya silikoni. Palipo na unyevu, au silikoni iliyoinuka ukingoni, pana tatizo. Usikubali fundi akupakie silikoni mpya juu ya ya zamani, maana haishikani nayo vizuri. Kazi hiyo hufanywa kwa kukwangua yote na kuanza upya. Kusafisha tumia siki na maji, sabuni isiguse. Na mpigie aliyekuuzia umuulize kama amewahi kutibu samaki kwa dawa ya shaba ndani ya tangi hilo. Kama amewahi, lijaze maji, uyaache siku kadhaa, upime shaba, kwa sababu kiasi kisichomdhuru samaki kinatosha kumuua kamba wako na matumbawe.

Mumeo ana haki ya kukosa raha. Piga hesabu pamoja naye: maji ya tangi na sampu ni karibu kilo 470, vioo karibu kilo 90, ongeza mawe, mchanga na kabati, unafika kilo 700 au zaidi, na zote zimesimama kwenye eneo lisilofika mita mraba moja. Sakafu nyingi za makazi husanifiwa kubeba kama kilo 150 hadi 200 kwa kila mita mraba, mzigo ukiwa umetandazwa chumba kizima. Hiyo haimaanishi kwamba itabomoka, kwani kitu kizito kando ya ukuta unaobeba jengo si sawa na kitu kizito katikati ya chumba. Lakini mimi siwezi kukuhukumia sakafu kwa barua, wala muuza samaki hawezi. Mwite mhandisi wa majengo atazame michoro na mahali penyewe. Akisema hapana, uza tangi hilo utafute la lita 250. Matumbawe yako yatashukuru vile vile.

Akisema ndiyo, tayarisha maji. Utahitaji lita 400 hivi za maji ya RO (yaliyosafishwa kwa kupitishwa kwenye utando wa kuchuja) na chumvi kilo 15 kwa makadirio. Mapipa mawili ya plastiki ya kuhifadhia chakula, lita 200 kila moja, yanatosha. Yakae mbalimbali, kando ya kuta, kwa sababu nayo ni mazito. Mimina chumvi kwenye maji, kamwe usimimine maji kwenye chumvi, tia pampu na hita, na yaache yazunguke siku nzima. Unatafuta chumvi ya 35 kwa elfu, ambayo kwenye kipimo cha uzani ni 1.026 hivi kwa nyuzi 25. Kipimo chako cha chumvi kinachosomwa kwa mwanga (refraktomita) kisawazishe kwa maji maalumu ya 35. Ukikisawazisha kwa maji matupu, kinaweza kusoma sawa kwenye sifuri na bado kikakudanganya huku juu.

Siku yenyewe, anza asubuhi na fuata mpangilio huu hata kama kaka yako ana haraka. Kabla mkono haujagusa kitu, vuta lita 60 za maji maangavu ya juu, zigawe kwenye mabeseni. Matumbawe yatoke kwanza, yakiwa yamefunga, yasirundikane; nyundo likae beseni lake peke yake kwa sababu huwachoma majirani. Mawe yafuate, yazamishwe yote, na kila beseni liwe na pampu ndogo. Ukiinua jiwe kubwa, ligeuze ulitazame upande wa chini: utaona sifongo za kijivu na za manjano, minyoo ndani ya mirija myeupe, pengine mikono ya viti vya pweza wembamba ikijivuta kwenye nyufa. Sifongo hawapendi hewa kabisa, na wakifa wanaoza ndani ya jiwe na kutoa amonia. Dakika moja ya kushangaa inatosha, kisha lirudishe majini. Samaki watoke mwisho, mawe yakiwa yamekwisha na maji yamebaki kimo cha kiganja. Utawateka bila kuwakimbiza. Gobi na kamba wake wawekwe chombo kimoja chenye kifuniko. Gobi huruka, na tangi jipya nalo liwe na wavu juu tangu usiku wa kwanza.

Mawe yakae juu ya kioo cha chini moja kwa moja, ndipo mchanga uzungushwe. Mkiweka mchanga kwanza na mawe juu yake, kamba wako atachimba chini ya jiwe siku moja na jiwe litamlalia yeye, gobi, au kioo. Likijaribu kuyumba kwa kusukumwa na kidole, lipange upya.

Hapa nisikilize vizuri, dada. Zoanthidi, hasa wale wa jamii ya Palythoa, wanaweza kuwa na palitoksini, sumu kali kuliko karibu zote zitokazo kwa viumbe wa baharini. Mawe yako yamejaa zoanthidi na siku hiyo utayashika yote. Vaa glavu ndefu na miwani ya kujikinga, funika kidonda chochote mkononi, fungua madirisha, na mtoto na wanyama wa nyumbani wasiwe chumbani. Jiwe lenye zoanthidi usilisugue kwa brashi. Usilimwagie maji ya moto, na usilichemshe kwa sababu yoyote ile, hata kama unataka kuua aiptasia au mwani. Watu wamelazwa hospitali, na familia nzima pamoja nao, kwa kuvuta mvuke wa jiwe lililochemshwa. Mtu akihisi ladha chungu ya chuma mdomoni, homa, kikohozi, kifua kubana au macho kuwaka baada ya kazi hiyo, aende hospitali na amtajie daktari neno palitoksini. Wafugaji wengi hawalijui hili.

Kabla ya kurudisha samaki, zima pampu ya sampu kwa makusudi. Umeme ukikatika, maji ya juu hushuka mpaka chini ya mdomo wa bomba. Tangi la sentimita 150 kwa 60 likishuka sentimita 3 tu, limemwaga lita 27 kabatini. Hizo lita 27 lazima zipate nafasi ndani ya sampu. Tia alama ya kalamu kwenye sampu mahali ambapo maji hayapaswi kuvuka pampu ikiwa inafanya kazi, na usiivuke kila unapoongeza maji. Waya zote zining'inie chini kidogo kabla ya kupanda kwenye soketi, ili tone lisitembee hadi kwenye umeme, na soketi iwe na swichi inayojikata yenyewe maji yakigusa umeme. Badala ya hita moja kubwa weka mbili ndogo. Hita nyingi zikiharibika hukwama zikiwaka, na ndogo moja haina nguvu ya kuchemsha tangi zima kabla hujagundua.

Zile taa za LED zilizokuja na tangi zichukulie kuwa ni kali. Ziwashe kwa asilimia 40, matumbawe yote yakiwa chini mchangani, upandishe kidogo kila wiki kwa mwezi mzima. Ndani ya nyama ya tumbawe wamo miani wadogo wanaolilisha kwa kutumia mwanga. Mwanga ukizidi ghafla tumbawe huwafukuza na kubaki jeupe. Nyundo likianza kufifia rangi, punguza taa siku hiyo hiyo.

Pima amonia usiku huo na kila siku kwa wiki ya kwanza. Ikionekana, badilisha maji na usilishe. Baada ya hapo tarajia vumbi la kahawia kwenye mchanga mpya. Hao ni diatomu, miani wadogo sana, hupita wenyewe, waachie konokono.

Kuhusu kangaja wa buluu, Paracanthurus hepatus: mwambie binti yako hapana, kwa upole na kwa sababu. Yule mdogo wa dukani anayelingana na kidole hukua kufikia sentimita 30, naye ni samaki wa kuogelea mbio kutwa. Tangi lako ni mara tano tu ya urefu wake. Pia ni mwepesi mno kushikwa na ugonjwa wa madoa meupe, Cryptocaryon irritans, na ukimleta siku ya vurugu bila karantini atawaambukiza wote, na dawa ya shaba huwezi kuitia kwenye tangi lenye matumbawe. Wengi wanaouzwa bado huvuliwa baharini, kwa maana hata kuwazalisha kulifanikiwa mara ya kwanza mwaka 2016 tu, katika maabara ya Chuo Kikuu cha Florida. Mpe kazi badala yake. Awe ndiye anayeandika vipimo vya kila wiki kwenye daftari, na miezi mitatu baada ya kuhama, nitrati na fosfati zikiwa zimetulia, achague yeye samaki mmoja. Ningempendekezea kangaja mdogo wa jamii ya Ctenochaetus strigosus. Haendi mbali zaidi ya sentimita 18, ana pete ya manjano jichoni, na kutwa nzima hukwangua utando wa mwani kwenye mawe na vioo, kazi ambayo kwako ipo tele. Akae karantini mwezi mzima kwanza, kwenye tangi lenu la lita 120, ambalo kwa sababu hiyo nakuomba usiliuze.

Kitu kimoja hukukiandika: alkali ya maji yako. Ipime leo, kabla ya kununua chumvi. Kama tangi linasoma dKH (kizio cha alkali) 7 nawe ukaleta chumvi inayochanganyika kufikia 11, tumbawe la nyundo litalipokea badiliko hilo vibaya kuliko yote niliyoyataja. Tafuta chumvi inayotoa 8 au 9, na kama tangi liko chini ya hapo lipandishe nusu nusu kwa siku mpaka vilingane, ndipo upange Jumamosi yako.